Kiduku cha Billy Two Rivers: maongezi yangu kwa wanajumuiya wa Leicester

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana hamjambo, habari za jioni. Nawashukuru viongozi wa jumuiya kunipa nafasi, najua wengi mlidhani leo nitaongelea mambo ya viza na karatasi kama mwaka jana, hapana, leo nataka niongelee mieleka. Msicheke jamani, mi naongea serious kabisa, na nikimaliza mtaona kwanini hili jambo limeniingia moyoni mpaka silali.

Mi nimekulia Tanga, na miaka ya tisini sisi watoto tulikua tunajazana kwenye vibanda umiza, mnavijua, banda la mabati, benchi za mbao, joto mpaka jasho linadondoka kwenye vidole vya miguu, na tivi moja ndogo mbele. Tulikua tunaangalia mieleka ya Marekani. Kila mtu alikua na wake, mi wangu alikua The Rock. Na tulikua na lugha yetu, yule mzuri ni steringi na yule mbaya ni adui, na steringi hafi hata apigwe vipi. Sasa nilipokuja huku Uingereza nikaja kujua kitu ambacho banda zima pale Tanga hakuna aliyekijua, kwamba babu yake The Rock upande wa mama, mzee Peter Maivia, aliyezaliwa Samoa huko kwenye visiwa vya Pasifiki, miaka ya sitini alikua anapigana mieleka hapahapa Uingereza, kwenye kumbi kama hizi za kwetu, na mwaka 1967 akatokea kwenye filamu ya James Bond akikunjana na Sean Connery ndani ya ofisi, wanarushiana kochi. Kumbe yule mtu niliyekua nampigia kelele Tanga, ukoo wake ulishapita kwenye baridi hii hii inayotutesa sisi. Bas, toka siku hiyo nikawa natafuta kila nikipata nafasi, nani mwingine alipita.

Kwa wale ambao hawajui, mieleka ya hapa ilikua tofauti na ile ya Marekani. Kabla ya vita ya pili ilikua vurugu tupu mpaka London wakaipiga marufuku, afu vita vilipoisha wakakaa kikao, mwaka 1947, kamati ikiongozwa na admirali mmoja anaitwa Lord Mountevans, wakaandika sheria. Mechi inakua ya raundi, mshindi ni wa kwanza kumbwaga mwenzake chini mara mbili au kumkaba mpaka asalimu amri mara mbili, au amzimishe moja kwa moja, ukicheza rafu unapewa onyo, la tatu unatolewa. Mwaka 1952 mapromota wakubwa wakaungana wakaunda kitu kinaitwa Joint Promotions wakagawana nchi nzima, na tarehe 9 Novemba 1955 mieleka ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tivi ya ITV, namaanisha ITV ya huku sio ile ya Mikocheni Dar, kutokea West Ham Baths huko London mashariki. Na hiyo Baths ilikua bwawa la kuogelea kweli. Msimu wa baridi watu hawaogelei, kwahiyo wanafunika bwawa kwa mbao, juu ya mbao wanapanga viti, katikati wanasimamisha ulingo. Mi nawaza ule mlio, mtu wa kilo mia anabwagwa juu ya turubai, chini yake mbao, chini ya mbao shimo tupu. Lazima ulikua unavuma kama ngoma.

Najua mtaniambia matokeo yalikua yamepangwa. Ndio, yalipangwa. Ila mgongo ukitua chini umetua, hauna habari kama ilipangwa au haikupangwa, na siku ya pili yake unapanda gari kwenda mji mwingine ukabwagwe tena, na usipopigana hujalipwa. Kwahiyo mtu asiwadharau wale watu mbele yangu.

Na ilipendwa vibaya mno. Jumamosi saa kumi jioni, kabla matokeo ya mpira hayajasomwa, nchi nzima imekaa mbele ya tivi. Prince Philip mwenyewe mwaka 1963 alienda Royal Albert Hall kuangalia. Na mashabiki wakubwa walikua bibi zetu, vikongwe vya kizungu, wanakaa mstari wa mbele na mikoba yao, adui akitupwa nje ya kamba wanampiga na mkoba, wengine na mwavuli, wengine wanamchoma na pini ya kofia, hii wenyewe wanamieleka wa zamani wameisimulia sana. Na ile sauti ya mtangazaji ambayo wazee mliokaa huku mnaikumbuka, Kent Walton, alizaliwa Cairo. Hata sauti ya mieleka ya Waingereza ilizaliwa Afrika.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nisimame hapa.

Watu wetu walianza kuja, ile meli ya Windrush ilishusha watu wa Karibiani Tilbury tarehe 22 Juni 1948, afu wengine wakafuata kutoka India, Pakistan, Afrika magharibi, na Wahungari nao mwaka 1956 walipokimbia vifaru vya Warusi, kama elfu ishirini hivi walipokelewa hapa. Na mlango mmoja uliokua wazi kwa mgeni mwenye mwili ni ulingo. Promota anahitaji wageni kwasababu bango linahitaji kitu cha kuvutia watu, ukiandika Smith na Jones nani atanunua tiketi, ila ukiandika mtu katoka mbali huko na anafanya vitu vya huko, ukumbi unajaa. Kwahiyo mlango uko wazi, ila ukiingia unakuta nguo imetundikwa inakusubiri, na bila kuivaa hiyo nguo hupiti.

Alikuwepo Masambula, mtu wa Gambia. Anapanda ulingoni na ngozi ya chui, kama mganga. Nimeangalia picha yake mara nyingi sana. Mtu mzima, uso wa upole, mwili umejengeka, afu hiyo ngozi. Mi sijui kwao Gambia alishawahi kumuona chui wangapi. Alikuwepo Honey Boy Zimba wa Sierra Leone. Na alikuwepo Johnny Kwango, na huyu ndo ameniumiza zaidi, kwasababu Kwango jina lake halisi ni John Lagey na wala hakutoka Afrika, alizaliwa hapahapa Uingereza, ila alikua mweusi, kwahiyo akapewa jina la kuonekana katoka porini. Na mnajua kabla ya mieleka alikua nani? Mcheza dansi. Mwaka 1946 Wajamaika wawili, Berto Pasuka na Richie Riley, walianzisha hapa London kundi la kwanza la dansi la watu weusi, linaitwa Les Ballets Nègres, na Lagey alikua mle ndani. Mtu ana miguu ya kutumbuiza kwenye majumba ya sanaa, anajua mwili wake kila msuli, na alipoingia ulingoni watu wakamjua kwa kitu gani? Kichwa. Kupiga kichwa. Ukumbi mzima unasubiri mtu mweusi apige kichwa, kwasababu kuna ule uongo wa zamani kwamba kichwa cha mtu mweusi ni kigumu. Ukitafuta video zake angalia miguu, msiangalie kichwa, angalieni anavyogeuka, anavyotua kwa vidole kwanza afu kisigino. Yule ni mcheza dansi. Miaka yote ile alikua anacheza dansi mbele ya watu waliokuja kuona kichwa.

Ila mtu ninayetaka tukae nae zaidi ni Billy Two Rivers.

Billy hakua mweusi wala Muasia, alikua Mmohawk, wale wenyeji wa asili wa Amerika ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, na nyie ndugu zangu wenye asili ya India mliokaa hapa mnajua jina hilo lilikua kosa la yule baharia Columbus tu, aliyedhani kafika India. Alizaliwa mwaka 1935 Kahnawake, pembeni ya mto St. Lawrence karibu na Montreal, Canada. Na Kahnawake ni kijiji cha watu wanaosafiri kutafuta kazi, kama vijiji vyetu, wanaume wa pale kazi yao ilikua kupanda vyuma vya majengo, wakashiriki kujenga maghorofa mengi ya New York, na mwaka 1907 daraja la Quebec lilipoanguka likiwa linajengwa, wanaume 33 wa Kahnawake walikufa siku moja. Fikiria kijiji kimoja, siku moja, misiba 33. Kwahiyo mtoto wa pale anakua akijua kwamba mkate uko mbali na kwamba unaufuata kwa mwili wako.

Billy hakupanda vyuma, alifundishwa mieleka na Mmohawk mwenzake Don Eagle, akaanza kupigana mwaka 1953, na mwaka 1959 akaja Uingereza. Akakaa kama miaka sita. Na hiyo miaka sita alikua mtu maarufu kweli, watoto mitaani walimjua kwa jina. Kichwani kanyoa kiduku, kile kiduku chenyewe original, pembeni peupe kabisa katikati mstari wa nywele, miaka mingi kabla vijana wa punk hawajakijua, na kabla ya vijana wetu wa bongofleva. Anaingia na shungi la manyoya ya ndege linashuka mpaka mgongoni. Mechi inaanza, adui anamchezea rafu, anamvuta kile kiduku, ukumbi unapiga kelele, Billy anavumilia, anavumilia, afu ghafla anabadilika. Anaanza kucheza ngoma ya vita, anazunguka ulingo, magoti juu, mkono unapanda na kushuka, na watu wanajua sasa kimeiva, afu anaanza kushusha mkono kama shoka, pa, pa, pa, mpaka adui yuko chini. Bibi wa mstari wa mbele wamesimama wote.

Sasa sikilizeni. Lile shungi refu la manyoya, sio la Wamohawk. Lile ni la watu wa nyanda za kati huko, watu wa farasi na nyati, mbali kabisa na kwao. Wamohawk wana kofia yao ya asili, fupi, manyoya machache yamesimama wima, matatu. Billy alijua hivo kuliko mtu yeyote kwenye ule ukumbi. Ila Waingereza walishaona filamu za makauboi, wanajua Mhindi Mwekundu anatakiwa aweje, na ukiwapa manyoya matatu wataona hujakamilika. Ni sawa sawa na mtu anataka Mswahili, unamletea mtu wa Lamu na kanzu yake na kofia ya mkono, anakwambia hapana nataka Mswahili mwenye mkuki na shuka jekundu. Ukimwambia yule ni Mmasai anakwambia ndo huyohuyo.

Kwahiyo Billy alivaa. Na mi siwezi kumhukumu, na nitawaambia kwanini.

Miaka michache iliyopita nilikua nafanya kazi sehemu fulani, siitaji, ofisini, upande wa mahesabu. Nilisomea uhasibu, kazi yangu naijua. Wakaandaa siku ya tamaduni, na meneja akanifuata akasema wewe utakuja na vazi la Afrika na utapiga ngoma. Nikamwambia mi sipigi ngoma, kwetu Tanga baba alikua karani wa bandari, nyumbani kulikua na redio na msahafu na mashine ya kushona ya mama. Akacheka, akasema si lazima uwe mtaalam, piga tu. Nilikua nina miezi miwili kazini, niko kwenye muda wa majaribio, mke wangu ni mjamzito. Nikaenda sokoni nikanunua kitambaa chenye madoadoa ya chui, pauni sita, nikaazima ngoma. Nikasimama pale nikapiga. Walipiga makofi sana. Na wallahi walikua wema, hakuna aliyenitukana, walinipenda kwelikweli siku ile kuliko siku zote nilizowafungia hesabu zao bila kosa la senti moja. Hilo ndo lililoniuma, kwamba walinipenda. Nilirudi nyumbani nikakikunja kile kitambaa nikakiweka juu ya kabati, na mpaka leo kipo, sijakitupa wala sijakivaa.

Kwahiyo nikiona picha ya Masambula na ngozi yake namuona mwenzangu. Labda na yeye alikua na familia ya kulisha kama mimi.

Na sio kwamba yale makofi ya Jumamosi yalikua yanakufuata Jumatatu. Billy anafika mwaka 1959, ni mwaka mmoja tu baada ya vurugu za Notting Hill ambapo makundi ya wazungu yalikua yanawawinda watu wa Karibiani mitaani, na Mei ya mwaka huohuo 1959 Kelso Cochrane, fundi seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu akiwa anarudi nyumbani usiku, maeneo yaleyale ya Notting Hill, na hakuna mtu aliyehukumiwa mpaka leo. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya Bristol ilikua inakataa waziwazi kuajiri mtu mweusi au Muasia kuwa dereva au konda. Konda jamani! Watu wakagoma kupanda mabasi, wakaongozwa na kijana Paul Stephenson, mpaka tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri, na konda wa kwanza asiye mzungu aliyeajiriwa pale ni Singasinga, Raghbir Singh. Yani mwaka uleule Prince Philip anakaa Royal Albert Hall anaangalia mieleka, mwaka uleule bibi anamshangilia Johnny Kwango kwenye tivi saa kumi jioni, ukienda Bristol mtu mwenye rangi kama ya Kwango haruhusiwi kukata tiketi ya basi la huyo bibi. Na sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye kazi na nyumba haikuja mpaka mwaka 1968.

Wazee mliotoka Kampala mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia mnaelewa kuliko mimi. Nyie ndo mlisoma lile tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, halmashauri ya mji huuhuu wa Leicester inawaambia msije. Mkaja. Na hapo De Montfort Hall, dakika chache kutoka hapa tulipo, mieleka ilikua inapigwa na wageni wanashangiliwa.

Narudi kwa Billy, kwasababu hadithi yake haikuishia kwenye manyoya, na hapa ndo nampendea.

Aliacha mieleka katikati ya miaka ya sabini akarudi kwao Kahnawake, na mwaka 1978 watu wake wakamchagua kwenye baraza la Wamohawk, akakaa kwenye baraza miaka ishirini. Miaka ishirini! Mwaka 1990 serikali ya mji wa Oka ilipotaka kupanua uwanja wa gofu juu ya ardhi na makaburi ya Wamohawk wenzao wa Kanehsatake, Wamohawk wakaziba njia, Kahnawake wakaziba daraja la Mercier, jeshi la Canada likaletwa, siku 78 za mvutano, na Billy alikuwepo mle kama kiongozi, anaongea kwa niaba ya watu wake. Huyu ndo yule mtu wa ngoma ya vita ya ulingoni. Sasaivi hakuna muziki, hakuna refa, mbele yake kuna magari ya kivita ya kweli, na silaha yake ni mdomo na akili.

Na kuna jingine. Mwaka 2017, mzee ana miaka 82, mwanamuziki mmoja mkubwa sana wa huku alitoa albamu akaweka kwenye jalada picha ya zamani ya Billy akiwa ulingoni, na hakumuomba ruhusa. Mzee akaenda mahakamani New York. Akasema ile sura ni yangu. Wakaja kuelewana baadae nje ya mahakama. Niliposoma hiyo habari nilikaa kimya muda mrefu. Kwasababu miaka yote ile sura yake ilikua inauzwa, kwenye mabango, kwenye tivi, kila mtu anaichukua anavyotaka, na shungi lisilo la kwao juu yake, na sasa mzee wa miaka 82 anasema subirini, mlikua mnaiazima tu, mwenye nayo ni mimi.

Alifariki Februari 2023, ana miaka 87, kwao Kahnawake. Mwenyezi Mungu ampumzishe.

Sasa ombi langu, na ndo sababu nimewasumbua leo. Masambula ana picha nyingi kwenye intaneti, ila tafuta jina alilopewa na mama yake, tafuta alikua anapenda kula nini, alikua anaandika barua kwa nani Gambia, utahangaika. Kilichobaki ni chui. Nyie wazee mnazo picha nyumbani, nazijua, ziko kwenye mabati ya biskuti chini ya kitanda, za Kampala, za Mombasa, za Unguja, za kiwandani hapa Leicester mwaka 1974 mmevaa maovaroli. Jumamosi ijayo kuanzia saa nane mchana tutakua hapahapa na mashine ya kuskani, vijana wawili watasaidia, picha mnarudi nazo palepale hakuna atakayebaki nayo. Ila kabla hamjazileta naomba kila mmoja achukue penseli, sio peni maana wino unapenya, ageuze picha, aandike nyuma jina lake kamili, jina la baba, kazi aliyokua anaifanya siku hiyo, na nani alimpiga picha. Mama yangu pale mbele anatikisa kichwa anasema yeye hajui kuandika, hamna shida mama, njoo tu, utanitajia mimi nitaandika.

Chai iko tayari upande wa jikoni, na nimesikia kuna mandazi. Ahsanteni sana.